Jiko la gesi la Masaki

Nililinunua Masaki, kwa wageni waliokuwa wanahama nchi. Ni jiko la gesi la kuchomea nyama, lile lenye mfuniko mkubwa na magurudumu mawili, lilikuja kwenye kontena kutoka Marekani. Bei ilikuwa ya kutupa, nikajiona mjanja. Mume wangu akalizunguka mara moja, akasema, "Mama Neema, umenunua kabati la kutu."

Hakukosea sana. Sanduku na mfuniko ni aluminiamu, vizima kabisa. Msiba ulikuwa ndani: mabomba matatu ya moto, mawili yameoza. Moja nililishika, nusu ikabaki mkononi.

Kariakoo nilizunguka siku mbili. Spea za jiko la sahani mbili zimejaa tele, za hili hakuna. Kuagiza nje, bomba moja na usafiri wake lilizidi bei ya jiko lenyewe.

Nikaenda mtaa wa Gerezani, kwa mafundi wa vyuma, na yale mabovu kwenye mfuko. (Kibovu usikitupe, ndicho kipimo chako.) Fundi, mzee mcheshi, akavuta bomba la GI, la chuma kilichopakwa zinki kama mabati: "Hili hapa mama, natoboa, jioni unachukua."

Nikamwambia, "Fundi, ukichomelea mabati, usiku si unatetemeka kwa homa?"

Akacheka. "Hapo umenishika."

Ni ile zinki ya juu. Ikipata moto mkali inatoa moshi, na mimi nataka kuwapa watoto kuku, siyo zinki. Tukapata mabaki ya bomba la stenlesi, la reli za ngazi, kipenyo kilekile.

Ugomvi wetu ulikuwa kwenye matundu. Kwenye bomba la zamani biti ya milimita mbili iliingia kwa kubana. Yeye alitaka atumie ya milimita tatu, maana ya mbili inavunjika. Tundu likiwa kubwa, moto unaweza kurudi ndani ya bomba. Nikagoma. Zilivunjika biti nne, zote nikalipa mimi.

Regulata ya Kimarekani haiingii kwenye mitungi yetu. Nikafunga ya hapa, ya presha ndogo, imeandikwa milibari 30. Mpira nao mpya. Nikapaka povu la sabuni kila maungio, na kwenye kibano cha mpira likaanza kutoa mapovu. Nikakaza, nikapaka tena, kimya.

Kuwasha sasa. Mabomba mapya, moto wa bluu. Lile la zamani, zima, nililokuwa nalisifia, likatoa moto wa njano, mvivu, na masizi. Nililaumu nozeli, nikaifungua, safi. Siku mbili nimenuna. Ndipo nikamulika tochi shingoni mwa bomba, pale gesi inapovuta hewa: buibui kajenga humo, utando mzito kama pamba. Nikautoa kwa kibrashi cha kuoshea chupa ya mtoto. Bluu.

Kiwashio hakijawahi kufanya kazi, natumia kiberiti. Halafu upande wa kushoto unaunguza kuliko kulia. Niliyahesabu matundu ya bomba la kushoto nikagundua sita ya mwisho ni makubwa. Mzee biti zilimwishia, nami nilikuwa nimekwenda kununua maji. Kuku namweka kushoto, ndizi kulia.