Daftari la kitandani kwa bibi

Bibi akirudishwa kutoka hospitali upande mmoja umepooza kwa kiharusi, nyumba hujaa watu siku tatu. Siku ya nne anabaki mmoja. Mara nyingi ni binti ambaye hajaolewa, au mkaza mwana, au msichana wa kazi ambaye hakuna aliyemwonyesha hata namna ya kumgeuza mgonjwa. Wengine wanatuma hela na kupiga simu: "Bibi anaendeleaje?" Wanajibiwa, "Hajambo kidogo." Kwa jibu hilo hakuna anayeweza kujua la kufanya.

Kwa hiyo kabla ya pampasi za wakubwa, kabla ya glovu, nunua kaunta buku na kalamu uifunge kwa uzi kwenye chaga za kitanda. Kalamu isiyofungwa kesho yake itakwenda shule na watoto. Kila kinachofanyika kinaandikwa: saa, amelalia upande gani, amekula nini na kiasi gani, mkojo, choo, dawa, na jina la aliyekuwa zamu. Jina ndilo la maana zaidi. Kurasa za wiki mbili zikionyesha jina moja kila usiku, kikao cha familia hakihitaji tena mtu wa kulalamika, daftari limeshalalamika.

Kugeuza ni kila baada ya saa 2, usiku na mchana. Nusu ubavu wa kulia, chali, nusu ubavu wa kushoto, unarudia. Nasema nusu ubavu kwa sababu ukimlaza ubavu kamili, uzito wote unakwenda kwenye mfupa wa nyonga. Weka mto mgongoni aegemee kidogo tu, mwinamo wa kama digrii 30, mto mwingine katikati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee hewani bila kugusa godoro. Zile glovu zilizojazwa maji ambazo watu huweka chini ya visigino hazipunguzi mgandamizo. Ziacheni.

Usimburute. Ngozi ya mzee ni kama karatasi ya sigara, ukiivuta juu ya shuka inachubuka. Kunja kanga mara mbili, itandike chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, kisha watu wawili mshike pembe na mmwinue kwa pamoja. Na kamwe usimvute kwa mkono uliopooza. Misuli iliyokuwa ikishikilia bega imelegea, kwa hiyo bega linashuka kutoka mahali pake, na maumivu yake hukaa miezi. Nguo pia ina utaratibu: kumvalisha, anza na mkono mbovu, kumvua, anza na mzima.

Kila unapomgeuza, tazama kisogo, mabega, juu ya makalio, nyonga, vifundo na visigino. Vitabu vingi husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu unaweza usiuone kabisa. Tafuta sehemu iliyozidi weusi au yenye zambarau, inayong'aa, yenye joto kuliko jirani yake, au iliyo ngumu ukiigusa kwa mgongo wa kidole. Hapo kidonda kimeshaanza kwa chini. Usipakande wala kupasugua kwa mafuta, kwa kuwa nyama ya ndani imeshaumia na kukanda kunaimalizia. Dawa ni kutopalalia mpaka parudi kawaida, na kuandika:

"Saa 10 alfajiri. Kushoto. Kisigino cha kulia cheusi kuliko jana, kina moto. Kisigino kisiguse godoro."

Sentensi kama hiyo, iliyoandikwa na mjukuu mwenye usingizi, ina faida kuliko mtungi wa asali uliotumwa na mjomba. Kidonda kikishafunguka, osha kwa maji yaliyochemshwa na kupoa, lita 1 kwa kijiko cha chai kimoja na nusu cha chumvi. Acha spiriti na dettol, vinaunguza nyama mpya inayojaribu kuota. Kikianza kunuka, mwite muuguzi wa zahanati aje akione. Zipo dawa za harufu, na hakuna haja ya bibi kuona wajukuu wanaziba pua.

Chakula ndicho kinachoua kimyakimya. Baada ya kiharusi koo linaweza kuwa limepooza nusu, na chakula kikapita njia ya hewa kikaleta nimonia. Kioevu chepesi ndicho hatari zaidi: maji, chai, soda. Uji mzito kiasi, unaodondoka taratibu kutoka kwenye kijiko, unamezeka vizuri. Mkalishe wima kabisa, kidevu kikiinama kidogo, tumia kijiko cha chai, weka chakula upande mzima wa mdomo, na usiongeze mpaka umeona koromeo limepanda na kushuka. Akikohoa, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni, acha. Akimaliza, pitisha kidole chenye kitambaa kwenye shavu lililopooza. Tonge hujificha humo na kumpalia akishalala. Abaki ameketi nusu saa.

Sasa wageni. Watu wa pwani hatuendi kumjulia mtu hali mikono mitupu, na kila mgeni anataka aonekane amemnywesha mgonjwa juisi yake kwa mkono wake, huku mgonjwa amelala chali. Andika kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa: BIBI HANYWESHWI NA MGENI. Wekeni muda wa wageni, tuseme saa 10 hadi saa 12 jioni, na awepo mtu mzima asiyeona haya kusema hapana. Shangazi wa aina hiyo hakosekani kwenye ukoo wowote.

Dawa za presha haziachwi kwa kuwa "presha imeshuka". Imeshuka kwa sababu ya dawa. Na usisage kila kidonge ili upate kumnywesha: vipo vilivyotengenezwa vitoke kidogokidogo kwa saa nyingi, baadhi ya vidonge vya nifedipine vikiwa mfano, ambavyo ukivisaga vinatoka vyote kwa mkupuo na presha inaporomoka. Uliza mfamasia kidonge kimojakimoja na uandike jibu.

Kama ana mpira wa mkojo, mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu siku zote, usiguse sakafu, na umwagwe kabla haujajaa. Mkojo wa rangi ya chai ya rangi ni dalili kwamba hanywi vya kutosha. Halafu siku moja bibi ataanza kuita watu waliokufa zamani, kutukana, kukataa kuguswa. Kabla ya kumtafuta mganga, mpelekeni akapimwe mkojo na homa. Kwa mzee, maambukizi ya mkojo mara nyingi huanzia kichwani, akili inavurugika ghafla hata kabla ya joto kupanda.

Zamu zigawiwe kwa uwezo na kwa sitara. Mjukuu wa kiume hatamwosha bibi yake, lakini kumlisha anaweza kuliko yeyote, kwa kuwa ana utani naye. Bibi anayekataa uji wa bintiye ataumeza wa "mume wake" wa miaka kumi na minne huku akimtukana. Usiku ugawanywe vipande viwili, na anayeshika kipande cha saa 6 hadi alfajiri asipewe kazi ya asubuhi. Aliye mbali, awe Mwanza au Muscat, asiachiwe kutuma hela tu. Apewe kazi yenye tarehe: yeye ndiye anayejua pampasi zinaisha lini, dawa zinaisha lini, kliniki ni lini, na anapigiwa picha ya ukurasa wa daftari kila Jumamosi.

Huenda akapona mpaka akatembea na mkongojo. Wengi hupona hivyo. Lakini akianza kulala karibu mchana kutwa, kukataa hata uji, miguu ikapoa na kuingia mabaka, pumzi ikawa inasimama kidogo na kurudi, hapo mwili unafunga safari. Usimlazimishe kula; hafi kwa sababu hali, hali kwa sababu anakufa. Kama ana maumivu, hospitali iliyo na huduma shufaa, ile ya kumpunguzia mateso mgonjwa asiyepona, inaweza kumpa mofini ya maji, inywewe kwa saa zake bila kusubiri maumivu yarudi, pamoja na dawa ya kulainisha choo kwa sababu mofini inafunga tumbo. Ule mlio wa kooni unawatisha walio chumbani, ila yeye kwa kawaida hauhisi. Mlaze ubavu, utapungua. Maji ya zamzam yasimiminwe mdomoni. Chovya pamba, umlowanishe midomo. Shahada isomwe kwa sauti ya chini karibu na sikio, na akishaitamka asisumbuliwe tena.

Akikata roho, fumba macho, funga taya kwa kitambaa kipana kilichozungushwa utosini, nyoosha mikono na miguu. Fanya mapema. Baada ya saa chache taya linakaza na waoshaji watapata tabu. Mpira wa mkojo usivutwe: ndani ya kibofu una puto la maji, mpaka linyonywe kwanza kwa bomba la sindano kupitia kile kitundu cha pembeni. Muuguzi wa mtaani anaufanya kwa dakika moja. Kidonda kinachotoa maji kizibwe kwa pamba na plasta kabla ya sanda, ama sivyo doa litatokea juu ya bafta nyeupe mbele ya watu wote. Waambieni waoshaji mapema kidonda kiko wapi. Ukurasa wa mwisho wa daftari unasema.

Bibi huoshwa na wanawake, kitambaa kikimsitiri muda wote, maji ya majani ya mkunazi kwanza na ya mwisho yenye karafuu maiti. Sanda ya mwanamke ni nguo tano, ya mwanamume tatu. Zile mbili za nje zipimwe kwa kamba, utosini hadi unyayoni, kisha uongeze kama shibiri 2 huku na huku za kufungia. Kwa Tanga na Dar es Salaam kibla ni karibu kaskazini kamili, kwa hiyo kaburi linachimbwa mashariki na magharibi, kichwa kikae mashariki, mwili ulalie ubavu wa kulia, mwanandani, lile shimo la pembeni la kulaza mwili, upande wa kaskazini. Ugomvi wa siku hiyo huwa ni nani asubiriwe. Amueni angali hai: nani, na mwisho saa ngapi. Joto la pwani halimsubiri mtu aliyekosa basi.

Kwenye matanga, geuzeni daftari muanze upande wa nyuma. Rambirambi: jina, kiasi, aliyepokea. Matumizi: kitu, bei, aliyenunua. Kilo 1 ya mchele wa pilau inalisha watu kama 8, basi watu 200 ni kilo 25. Mkisikia mtu anaagiza gunia la 100, mwulizeni ni la nani. Asili ya jambo ni majirani kuwapikia wafiwa. Siku hizi wafiwa ndio wanaowapikia majirani, na wengine wanabaki na deni la ng'ombe baada ya kuanua tanga. Aliyekuwa akiuguza asipangiwe jikoni. Atashtuka saa 8 usiku wiki kadhaa akidhani zamu yake imepita, na ni vyema mtu alale chumba kimoja naye. Watoto waambiwe bibi amefariki, wala si kwamba amelala, maana wapo watakaoogopa kulala.

Kifo cha nyumbani kitolewe taarifa kwa mtendaji na kisajiliwe ndani ya siku 30, kwa kuwa Mahakama ya Mwanzo huomba cheti cha kifo mnapofungua mirathi. Laini ya simu ya bibi isihamishwe wala isitolewe hela hata kama mjukuu anajua namba ya siri. Hela hizo ni za warithi wote. Kabla ya kugawa chochote, gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi. Madeni yaulizwe kwa watu wenyewe: duka la jirani, kijumbe wa mchezo wake, fundi aliyemdai kanzu. Na ulizeni pia nani aliweka amana kwake.

Halafu itakuja hoja ya yule aliyeuguza, kwamba aongezewe fungu. Mafungu ya Kiislamu hayaangalii nani alikesha, na zawadi ambayo bibi ametoa akiwa kwenye maradhi ya kumfisha huchukuliwa kama wasia, ambao mrithi haupati bila wenzake kuridhia. Njia iliyo wazi ni warithi kupokea mafungu yao kwanza, kisha kila mmoja atoe kutoka mfukoni mwake, mbele ya wenzake. Mkikosa pa kuanzia, fungueni kurasa za usiku mhesabu majina.