Siku Moja Maishani Mwangu: Kutoka Likoni hadi Uwanja wa Ndege

Saa tisa na nusu usiku

Zamu yangu katika meza ya maelezo ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, Mombasa, huanza saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kuwa ninaishi Likoni, hunilazimu kuamka wakati mtaa mzima ungali usingizini. Ninakunywa chai ya rangi kwa mahamri ya jana, ninamwachia binti yangu nauli ya shule, kisha ninatoka. Mkobani mna daftari ambalo, tangu Ramadhani iliyopita, ninaandikia dakika ninazotumia njiani kila siku. Nilianza kwa uchovu tu, lakini sasa ninalitunza kama ushahidi wa jinsi uwanja usio na reli unavyotuchosha sisi wafanyakazi.

Saa kumi alfajiri

Katika feri ya saa hii huoni sanduku la mtalii hata moja. Tumo sisi walinzi, wauguzi, wapishi, makuli wa bandarini, na wasafishaji ambao ninawajua kwa nyuso kwa sababu tunaelekea kazini pamoja. Kila yanapozuka mazungumzo ya kuupelekea uwanja wa ndege reli ya mjini, anayetajwa kwanza ni msafiri. Ninamheshimu msafiri, kwani yeye ndiye riziki yangu, lakini yeye hupita uwanjani mara mbili tatu kwa mwaka, ilhali mimi huenda na kurudi siku sita kwa wiki. Kwa hiyo reli ya uwanja wa ndege ambayo treni yake ya kwanza inaondoka baada ya zamu ya alfajiri kuanza, kwangu ni reli isiyokuwepo.

Saa kumi na nusu

Matatu ya Magongo haiondoki mpaka ijae. "Mama, wamebaki wanne tu, twaondoka sasa hivi," utingo ananiambia, na hao wanne wanachukua robo saa kupatikana. Tunapita Mwembe Tayari, kisha Makupa, na hapo ndipo mimi hugeuza shingo kila siku. Kando ya barabara imelala reli ya zamani yenye upana wa mita 1, ambayo ujenzi wake ulianzia Mombasa mwaka 1896 na kufika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Reli hii inatoka kisiwani Mombasa, inavuka Makupa, inapita Changamwe na kuelekea Miritini. Mombasa haina metro, yaani treni za abiria za mjini, lakini ina njia ya chuma iliyokwisha kupasua mji, na kutoka Changamwe hadi uwanja wa ndege ni kilomita chache tu. Kinachokosekana ni tawi. Sisemi kwamba tawi ni jambo jepesi, kwa maana mitaa ya Magongo na Port Reitz imejaa nyumba, na kila mwaka unaopita huongeza ukuta mwingine mahali ambapo reli ingepita.

Saa moja asubuhi

Ndege ya kwanza ya wageni imetua. Bwana mmoja kutoka Ufaransa ananiuliza kwa adabu metro iko ghorofa ya ngapi. Ninamweleza kwamba nje kuna teksi, naye anashangaa, ingawa kwao pia jambo hili lilichukua muda. Uwanja wa Orly, ulio kusini mwa Paris, ulipata kitreni kisicho na dereva mwaka 1991, lakini kilimfikisha abiria Antony tu, ambako ilimbidi ahamie treni nyingine. Metro yenyewe, laini ya 14, ilifika Orly Juni 2024. Kuunganisha nusunusu humwacha mwenye mizigo palepale alipokuwa, na hilo ninaliona kila siku.

Saa nne

Ninaliona hata leo, kwa bibi mmoja aliyeshuka katika ndege ya Lamu, mwenye mkongojo na kikapu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo treni ya Nairobi naipandia wapi?"

"Miritini, bibi. Itabidi upande teksi."

"Kwani Miritini ni mbali?"

"Si mbali, bibi. Njia ya kukufikisha ndiyo haipo."

Nauli aliyotajiwa ilikaribia ile ya kwenda Nairobi kwa treni. Treni za SGR, reli mpya ya kutoka Nairobi, zimekuwa zikiishia Miritini tangu mwaka 2017, katika kituo kikubwa kilicho jirani na uwanja wetu, na bado ajuza anayetoka kimoja kwenda kingine anabaki kubembelezana na madereva. Nilimtafutia dereva mwenye huruma, nikamshika mkono hadi mlangoni.

Saa sita mchana

Tunakula wali wa nazi na maharagwe nyuma ya jengo. Mwenzangu wa ulinzi anashikilia kwamba reli ikija itakuwa ya matajiri. Hofu yake si ya bure. Mjini Sydney reli ya uwanja wa ndege ilifunguliwa mwaka 2000, na vituo vyake vikawekewa ada maalumu juu ya nauli ya kawaida. Mwaka 2011 serikali ya jimbo ilianza kuilipia ada hiyo katika vituo viwili vya mitaani, Green Square na Mascot, na abiria wa huko wakaongezeka sana, lakini vituo vya uwanjani vilibaki na ada yao. London ilifanya vingine: laini ya Piccadilly, treni ile ile ya kila siku, ilirefushwa hadi Heathrow mwaka 1977. Nako Chicago, laini ya buluu inayofika uwanja wa O'Hare hufanya kazi saa 24. Huo wa Chicago ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu aliyeupanga alimkumbuka mtu wa zamu.

Dada msafishaji anauliza tuanzie wapi ikiwa fedha hazipo. Ninamjibu kwa habari ya Dulles, karibu na Washington. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 1962, na katikati ya barabara yake pakaachwa nafasi ya reli. Treni ilifika Novemba 2022, miaka 60 baadaye, ikapita katika nafasi ile ile. Kuitenga ardhi mapema kunagharimu kidogo kuliko kuja kuvunja nyumba za watu.

Saa tisa alasiri

Zamu imekwisha saa nane, nami bado niko Changamwe, matatu ikiwa imebanwa kati ya malori. Reli ya mizigo ya SGR inashuka hadi bandarini kwa upande wa Port Reitz, kwa hiyo kontena linaweza kuingia bandarini kwa treni, lakini mfanyakazi wa uwanja wa ndege hana treni. Ninalisema hili kwa uchungu, kwa kuwa walioketi nami wameamka saa tisa usiku kama mimi.

Saa kumi na nusu jioni

Feri imetufikisha Likoni. Kabla ya kuvua viatu ninafungua daftari: kwenda dakika 105, kurudi dakika 140. Binti yangu ananiuliza kesho niko zamu gani. Ninamwambia ni ile ile ya alfajiri, kisha ninatega kengele ya simu.