Kadi ya Baba

Ramadhani ya mwaka 2015 ilianza katikati ya Juni, na Leicester, Uingereza, majira hayo mtu hufunga zaidi ya saa 18. Baba alikuwa amevuka miaka 80, moyo wake dhaifu. Sote tulimwambia ana ruhusa, ale na atoe fidia ya kulisha maskini. Alifunga.

Usiku mmoja wa kumi la kati aliniita kutoka chooni. "Mwanangu, hautoki hata tone." Tumbo chini ya kitovu lilikuwa limejaa, gumu, na jasho linamtoka.

Tezi dume lilimziba mara ya kwanza mwaka 2011. Akawekewa mpira wa mkojo na mfuko wa kufungwa pajani. Kumkwangua tezi kungehitaji nusukaputi au ganzi ya mgongoni, na madaktari waliuogopa moyo wake. Tangu siku alipofungwa mfuko ule Baba aliacha kwenda msikitini. Shekhe alimweleza kwamba ana udhuru, atawadhe kwa kila sala na sala yake inasihi. Aliukubali ufafanuzi, lakini kusimama kwenye safu na mkojo pajani hakuweza. Basi daktari alipotaja stenti, Baba alisema ndiyo kabla sijamaliza kumtafsiria.

Ni koili ya waya wa nikeli na titani, inayopitishwa kwenye njia ya mkojo kwa kamera nyembamba na kukaa pale tezi linapobana. Inamwagiwa maji ya moto ya nyuzi 55, ncha yake ya chini inapanuka na kujishikiza. Daktari alituambia wazo lenyewe lilitoka Ujerumani, kwa daktari Fabian, mwaka 1980. Baba alikojoa kwa raha, na Ijumaa akarudi msikitini. Akapewa kadi ya kuweka kwenye pochi.

Usiku ule kadi ndiyo iliyotuokoa. Chumba cha dharura kilijaa watu, na muuguzi alikuja haraka na mpira mkononi. Alichokiona yeye ni mzee aliyeziba mkojo, na mzee aliyeziba mkojo huwekewa mpira. Baba, anayeumwa kiasi cha kushindwa kusema, aliingiza mkono kwenye koti akatoa pochi. Niliisoma kadi kwa sauti: mgonjwa ana stenti, asipitishiwe mpira chini kabla ya kuuliza mtaalamu wa njia ya mkojo. Mpira ukisukumwa unaweza kuiondoa stenti mahali pake. Muuguzi alisimama, akapiga simu. Daktari kijana akaja na mashine ya ultrasaundi, akampiga ganzi, akamtoboa juu kidogo ya kinena na kupitisha mpira hapo. Ilitoka zaidi ya lita moja. Baba alifumba macho, akasema "Alhamdulillahi", na mimi nikalia mbele ya watu.

Kesho yake wakaingiza kamera. Chumvi za mkojo zilikuwa zimeganda kwenye koili mpaka tundu limefumbika. Safari hii walimwaga maji baridi. Chuma kile kikalegea, kikavutwa nje kama uzi unaofumuliwa. Baba aliomba aoneshwe. Akaitazama ndani ya bakuli kwa muda mrefu. "Hiki ndicho kilichokuwa kikinisitiri?"

Daktari hakutuficha kitu. Alisema stenti huhama, huganda chumvi, huleta maambukizi, na lazima ikaguliwe maisha yote. Zile za wavu, zilizotengenezwa zikae moja kwa moja, nyama iliota juu yake na kuzitoa ikawa kazi ngumu. Angeweza kubaki na mpira wa tumboni, au kuwekewa stenti mpya. Baba aliuliza swali moja tu: "Nikiwekewa nyingine, nitakwenda msikitini bila mfuko?" Nikatafsiri. Daktari akaitikia, lakini anywe maji mengi, mchana na usiku. Hakusema funga ndiyo iliyoleta ukoko ule, na mimi sikumsemea. Baba alinitazama, akakaa kimya, kisha akasema, "Haya. Fidia tutatoa."

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani nilimpeleka. Alikunywa chupa nzima ya maji ndani ya gari, kwa heshima ya waliofunga, ndipo akashuka.