Kioo cha Mama na Koki ya Honda

Jana jioni, kivukoni Likoni, Mombasa. Mbele yangu kijana wa bodaboda amezima injini, amesimama na abiria wake kungoja feri ifike ng'ambo, na chini ya tangi lake tone la petroli linajikusanya kwenye koki, ile ya kufungulia na kufungia mafuta. Likanenepa, likaanguka. Likaja jingine. Nikamgusa bega, nikamwonyesha.

"Hiyo iko hivyo kitambo, mzee wangu," akanijibu.

Nimerudi nyumbani na harufu ile puani, na usingizi haukuja.

Honda CG 125 ya baba ililala ukumbini tangu siku tuliyomzika. Nyumba ya Majengo mnaijua: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Baba mwenyewe alikuwa akiiingiza kila magharibi akitoka bandarini, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu ibaki pale pale. Mama alikuwa chumbani kwenye eda, pazia limeteremshwa mlangoni. Hatii manukato, hapaki wanja, havai asmini, kama inavyompasa mjane kwa miezi 4 na siku 10. Udi nao haukufukizwa. Labda ndiyo maana petroli ilisikika namna ile. Siku nyingine ingefunikwa na manukato ya nyumba, lakini mle hamkuwa na cha kuifunika.

Bibi ndiye aliyeanza kusema. "Nyumba yanuka mafuta. Siku moja tutateketea humu."

Alisema kweli, na bado wako watu wasioamini. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupandi ukatoka dirishani, hutambaa chini, sakafuni, ukatafuta njia. Na ukumbi wetu ulinyooka moja kwa moja hadi uani, kwenye jiko la makaa la bibi. Moto hauhitaji kuligusa tone lenyewe. Unaungoja mvuke uje.

Ami akaitwa. Ami yangu alikuwa fundi wa mashine za boti, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na maneno machache aliyokuja nayo wiki hizo yalikuwa juu ya kuiuza ile pikipiki. Chuma kikikaa pwani kinaliwa na chumvi, alisema, bora kipate mtu, watoto wapate ada. Bibi alinyamaza. Kutoka nyuma ya pazia hatukusikia kitu.

Ami alimwaga petroli yote kwenye galani, galani na tangi vikapelekwa nje mbali na nyumba, koki akaja nayo ndani, akaketi nayo mkekani. Akafungua skurubu mbili za kibati cha mbele, akakitoa kishikio na ile springi bapa inayokisukuma, na ndani tukauona mpira wenyewe: duara dogo lenye matundu manne, umekauka, umepasuka ukingoni.

Hicho kimpira ndicho koki yenyewe, vingine vyote ni nyumba yake tu. Nyuma ya kishikio kuna uso wa chuma wenye kijia, nao hulala juu ya mpira. Ukigeuza, kijia kinaunganisha matundu: mara petroli inatoka kwenye mrija mrefu uliosimama ndani ya tangi, mara inatoka kwenye ule mfupi, ndiyo rezavu, akiba ya mwisho, mara hakuna kinachopita. Wengi hudhani rezavu ni tangi la pili lililofichwa mahali. Tangi ni moja. Rezavu ni yale mafuta yaliyobaki chini ya ncha ya mrija mrefu, basi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Pikipiki mjini zilikuwa chache, kabla ya mwaka 2008 serikali kuziondolea kodi zile za chini ya cc 250 na bodaboda kujaa kila kona. Leo kimpira kile utakipata hata kwa muuza spea wa barabarani. Wakati ule, dukani tuliambiwa tuagize koki nzima kutoka Nairobi, tungoje. Ami hakutaka kungoja. Alichukua tyubu kuukuu ya gurudumu, akaikata duara kwa wembe, akatoboa matundu kwa msumari wa moto, akafunga. Kazi safi ya kutazama. Jioni koki ilikuwa kavu.

Asubuhi chini palikuwa na dimbwi, na kishikio hakigeuki. Ami alipofungua tena, mpira ulikuwa umevimba kama andazi, matundu yamezibana.

Alikaa anautazama. Na hapo ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia, sauti ambayo kwa wiki kadhaa nilikuwa nimeisikia ikisoma Qurani na kuitikia rambirambi tu.

"Mwambie ami yako, tyubu haistahimili petroli."

Ami alikuwa ameketi hatua mbili kutoka kwenye pazia. Alisikia kila neno. Lakini alinitazama mimi, akangoja, na mimi nikarudia: "Ami, mama asema tyubu haistahimili petroli."

"Muulize mama yako, nitie nini?"

"Mama, ami auliza atie nini?"

"Kwenye kabati, droo ya chini, mna mkebe. Njoo uuchukue."

Nikaingia, nikatoka na mkebe. Ndani, pamoja na vifungo na ufunguo wa kufuli lisilokuwapo tena, palikuwa na kikaratasi cha gazeti kilichokunjwa, na ndani yake kimpira cheusi, kipya, matundu manne. Baba alikinunua kabla hajaugua. Kilikuwa cha mpira wa kiwandani ule uitwao nitrili, uliotengenezwa kwa ajili ya mafuta, lakini jina hilo nililijua baadaye sana. Ami alikiweka kiganjani, akakibonyeza kwa kucha, akatikisa kichwa taratibu.

Alipoanza kukipachika, sauti ikaja tena.

"Asikitie bado. Uso wa kile kishikio una mikwaruzo. Marehemu alisema mpira mpya bila kuusugua uso ule ni bure, utavuja vile vile. Usuguliwe kwa msasa laini, juu ya kioo."

Safari hii ami hakunitumia mimi. Alisema mwenyewe, macho chini, kana kwamba anazungumza na koki: "Kioo gani, shemeji?"

Kimya kidogo. Nikasikia droo ya meza ya mama ikivutwa. Kisha pazia likasogea chini kabisa, na mkono wake ukatoka, mkono mkavu usio na hina, umeshika kile kioo chake cha duara chenye fremu ya plastiki ya waridi. Kioo cha kupakia wanja. Alikisukuma sakafuni mpaka kikafika ukingo wa mkeka, mkono ukarudi.

Ami hakukishika mara moja. Alifuta mikono yake kwanza kwenye kitambaa, kidole kimoja kimoja. Akakilaza kioo mkekani, akatandaza kipande cha msasa juu yake, akadondosha mafuta kidogo, akakiweka kishikio uso chini, akaanza kukizungusha, duara ndogo ndogo, bila kukandamiza. Kioo kimenyooka, mbao haikunyooka, wala jiwe. Kila baada ya muda alikiinua akakielekeza kwenye mwanga wa mlangoni. Mwanzoni kilimeta kingo tu, katikati pamefifia pale palipobonyea. Mng'ao ukawa unasogea ndani kidogo kidogo, mpaka uso mzima ukawa wa rangi moja. Sauti ya msasa ndiyo iliyokuwa ikisikika nyumba nzima. Bibi aliacha kutwanga. Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya ami, nikauona uso wake kwenye kipande cha kioo ambacho msasa haukukifunika, na sikuwahi kumwona ami akiwa vile.

"Skurubu asizikaze kupita kiasi," mama akasema. "Ile springi ndiyo ya kubana. Akikaza sana, kibati kitapinda."

"Nimesikia, shemeji."

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Koki ikarudishwa kwenye tangi, petroli ikamiminwa kwa kitambaa cha kuchujia, gazeti likatandazwa chini. Asubuhi gazeti lilikuwa kavu, na asubuhi iliyofuata. Bibi akarudisha jiko mahali pake. Ami alikiosha kioo kwa sabuni mwenyewe, akanipa nikirudishe. Habari ya kuuza pikipiki hakuitaja tena, na sikumsikia mtu akimuuliza sababu. Eda ikaisha. Miaka ikapita, Honda ikanipeleka chuo na kunirudisha, na kimpira kile nimeshakibadilisha tangu hapo, kila mara kwa kusugua uso kwanza juu ya kioo, hata mafundi wanaposema napoteza wakati na koki mpya ni bei rahisi.

Ila moja halijanitoka. Mpira ulikuwa kabatini siku zote, na mama alijua. Harufu ilijaa nyumba, bibi akalalamika, ami akakata tyubu yake, naye kimya. Labda hakutaka kukiuka heshima ya eda kwa kusemezana na wanaume mambo ya vyuma. Labda alitaka harufu ile ibaki kidogo, maana baba hakuwahi kuingia ndani bila hiyo. Au labda kila siku alifikiri atasema kesho. Ami ameshatangulia mbele ya haki, siwezi kumuuliza alielewa nini.

Mama yupo. Leo asubuhi nimempigia, nikamweleza habari ya yule kijana wa feri, kisha nikamuuliza aliyajua wapi mambo ya koki.

"Nilikuwa namshikia baba yako taa," akasema.

Nikamwambia mshika taa hawezi kujua skurubu zikazwe kiasi gani.

"Basi njoo Ijumaa," akasema, "na hiyo pikipiki uje nayo."