Siku niliyomsimulia mama wa Hyesan habari za daftari langu la hesabu

Mwaka 2014 nilipata kozi fupi Korea Kusini, mambo ya usimamizi wa maji, tulikuwa watu wa nchi mbalimbali, Wanepali, Waghana, Waperu na Watanzania wawili. Tulipopewa ratiba wenzangu wakaanza kutafuta siku za kwenda kununua simu na vipodozi, mi nikaangalia kitu kimoja tu, Jumamosi tarehe 4 Oktoba, safari ya mpakani na Korea Kaskazini. Hiyo siku nilikuwa naisubiri tangu nikiwa mtoto na wala sitii chumvi.

Niseme ilikoanzia. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi Dar miaka ya themanini na kila akija likizo alituletea magazeti ya picha ya Korea Kaskazini, yalikuwa yanagawiwa bure, karatasi nzito inayong'aa, rangi kali ambazo magazeti yetu hayakuwa nazo kabisa. Enzi hizo urafiki na wale watu ulikuwa mkubwa, Mwalimu Nyerere mwenyewe alishaenda Pyongyang mwaka 1968, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa kuyaona nyumbani. Sisi watoto tulikuwa na kazi nayo moja, kava za madaftari. Mama alikuwa anachana ukurasa mkubwa wa katikati, anapima, anakunja, anabandika kwa uji wa sembe, unaenda shule daftari linang'aa kuliko la mwalimu. Daftari langu la hesabu lilikuwa na Kim Il-sung, mtawala wao wa kwanza, amesimama shambani, amevaa koti na kofia, ananyoosha kidole, na wanaume kama kumi wamemzunguka kila mmoja ana kijitabu anaandika. Hapo ndo nilipokamatika. Kila picha ilikuwa hivyo hivyo, mzee ananyoosha kidole, wenzake wanaandika. Kiwandani wanaandika, kwenye banda la nguruwe wanaandika, kwenye mashine ya kufuma soksi wanaandika. Nilikuwa nakaa darasani najiuliza hawa watu wazima wanaandika nini muda wote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na uso wa kuchoka.

Basi intaneti ilivyokuja mi nikaanzia hapo. Wengine walikuwa wanafuatilia mpira, mi nafuatilia ukoo wa Kim. Nikajua kwamba kule wanafundishwa Kim Jong-il, mtoto wa Kim Il-sung aliyemrithi, alizaliwa mlima Paektu mwaka 1942 lakini kumbukumbu za Wasovieti zinasema alizaliwa kijijini karibu na Khabarovsk, Urusi, mwaka 1941, baba yake akiwa kwenye jeshi lao. Nikajua habari za Sung Hye-rim, muigizaji wa sinema, aliyezaa na Kim Jong-il mtoto wa kwanza, Kim Jong-nam, kwa siri hata baba mkwe asijue. Nikajua huyo Jong-nam alikamatwa uwanja wa ndege wa Narita, Mei 2001, na pasipoti bandia ya Jamhuri ya Dominika, akasema alitaka tu kwenda kutembea Disneyland ya Tokyo. Nikajua mama yake Kim Jong-un, Ko Yong-hui, alikuwa mcheza ngoma na alizaliwa Osaka, Japani. Desemba 2013 walipomtoa mkutanoni Jang Song-thaek, mume wa shangazi yake Kim Jong-un, askari wamemshika mabegani mbele ya kamera, na siku chache baadaye wakatangaza ameshauawa, mi sikulala, nilikaa naangalia ile picha, nazitazama sura za waliobaki kwenye viti.

Na wiki ile ya safari ndo ilikuwa moto zaidi kwa sababu Kim Jong-un, Kiduku kama tunavyomwita wengi huku kwetu, alikuwa haonekani. Mara ya mwisho alionekana tarehe 3 Septemba kwenye muziki, akiwa na mkewe, baada ya hapo kimya, tivii yao ikasema tu hajisikii vizuri. Seoul nzima kila mtu na lake, mara kapinduliwa, mara gauti, mara dada yake ndo anaongoza nchi.

Sasa kwenye basi letu asubuhi ile akapanda mama mmoja mfupi, umri wa miaka hamsini hivi, kavaa koti la kijivu, na dada mkalimani pembeni yake. Tukaambiwa huyu ametoroka Kaskazini, atakaa nasi siku nzima, tumuulize tunachotaka ila tusimpige picha kwa sababu bado ana ndugu kule. Wakati ule waliokuwa wameshafika Kusini walikuwa kama 27,000, na wengi wao ni wanawake. Kwao huyo mama ni mji wa Hyesan, kaskazini kabisa, ukivuka mto tu uko China, na ndiko alikopitia.

Handaki sitalisema sana. Wanaliita handaki la tatu, liligunduliwa mwaka 1978, limechimbwa kutoka Kaskazini likapita chini ya mpaka, liko mita 73 chini ya ardhi. Unavaa kofia ngumu, unatembea umeinama, mwamba unatoa maji, kuta zimepakwa weusi wa makaa kwa sababu Kaskazini walisema ule ulikuwa mgodi wa makaa. Nikagonga kichwa, nikatoka.

Dora ndo penyewe. Ni kilima, kilikuwa na darubini zimepangwa mstari, ulikuwa unatumbukiza sarafu ya won 500 unaangalia. Nikaona bendera yao kwenye mlingoti wa mita 160, nikaona kijiji cha Kijong-dong ambacho Kusini wanasema ni maghorofa matupu hayana watu, nikaona majengo ya viwanda vya Kaesong, na mtu mmoja, mmoja tu, anaendesha baiskeli barabarani. Huyo wa baiskeli nilimfuata kwa darubini mpaka sarafu ikaisha nikaomba nyingine kwa Mghana. Mama yeye hakugusa darubini. Dada mkalimani akamuuliza kwa nini, akasema kwao ni mbali mno na hapo, na kule kwenda mkoa mwingine unahitaji kibali, yeye Kaesong hajawahi kufika, kaijua akiwa huku.

Tuliporudi kwenye basi nilibadilisha kiti nikaenda kukaa nyuma yake. Nilikuwa na maswali nimeyaandika kabisa, ya ukoo. Nikaanza na mama yake Kim Jong-un, nikamuuliza kule kwenu watu wanamsemaje Ko Yong-hui. Dada akatafsiri. Mama akageuka akanitazama. Akasema hilo jina nimelisikia nikiwa huku, kule hakuna anayelijua. Nikamtaja Sung Hye-rim, vilevile. Jong-nam, vilevile. Akasema hata huyu Kim Jong-un mwenyewe watu hawakujua yupo mpaka mwaka 2009, 2010, walipoanza kufundishwa wimbo wake, kabla ya hapo ukiuliza Mkuu ana watoto wangapi, umejitafutia kaburi wewe na wanao. Nilipomwambia huyo mama yake Kim Jong-un alizaliwa Osaka akasema hiyo anaijua sasa, na ndiyo iliyomuuma kuliko zote, kwa sababu jirani yao Hyesan alikuwa mmoja wa wale Wakorea waliorudi kutoka Japani, walikuwa zaidi ya 90,000 waliopelekwa na meli kuanzia mwaka 1959 wakiahidiwa peponi, na maisha yao yote waliangaliwa kwa jicho baya, hawapewi kazi nzuri, watoto wao hawaolewi na watu wa maana. Kumbe mke wa mkubwa alikuwa mmoja wao. Hilo neno alilirudia mara mbili, dada akatafsiri mara mbili.

Kiukweli hapo nilinyamaza. Mi nimekaa kwenye intaneti kafe ya Ubungo nawajua wale watu kwa majina na tarehe, na huyu mama aliyekuwa anazifuta picha zao kila asubuhi hakuruhusiwa kujua baba ana wake wangapi.

Maana alinieleza zile picha. Kila nyumba zinatundikwa mbili, baba na mwana, kwenye ukuta ulio bora kuliko zote na huo ukuta hauwekwi kitu kingine chochote. Fremu kwa juu ni nene kuliko chini ili picha iiname kidogo mbele, iwatazame mliokaa. Chini yake kuna kijisanduku kina kitambaa maalumu, kitambaa hicho hakifuti kitu kingine, si meza, si dirisha. Wakaguzi wanakuja bila hodi wanapitisha kidole juu ya fremu. Nyumba ikiungua unaokoa picha kwanza, na hili nililijua, mwaka 2012 vyombo vya habari vya kule vilimsifu binti wa miaka 14 aliyekufa maji kwenye mafuriko akijaribu kuziokoa. Gazeti lenye sura ya Mkuu halikunjwi pale penye sura, halifungiwi kitu, halikaliwi.

Hapo ndo nikamwambia habari za daftari langu la hesabu. Nilimwambia vile vile ilivyokuwa, magazeti ya mjomba, mama yangu anachana, anapaka uji, anakunja. Dada mkalimani alianza kutafsiri akasimama katikati, akaniuliza una uhakika nimwambie, nikasema mwambie. Mama akasikiliza, akaweka kiganja mdomoni. Kisha akauliza swali moja.

"Mkunjo ulipita wapi?"

Nikafikiri. Nikachukua karatasi ya ratiba nikamkunjia mbele yake kama mama yangu alivyokuwa anakunja, nikamwonyesha, hapa mgongo wa daftari, hapa kwa ndani. Mkunjo wa mgongo ulipita kwenye sikio na shavu, bega likabaki upande wa nyuma. Na kwa ndani niliandika jedwali la kuzidisha, la saba na la nane maana ndo yalikuwa yananisumbua, ile karatasi ilikuwa nyeupe nyuma ya mguu wake. Mama akaishika ile ratiba, akapitisha kidole kwenye mkunjo taratibu, akaanza kucheka, kicheko kikamzidi akawa anafuta machozi, watu wa mbele wakageuka. Akasema kitu, dada akatafsiri, "Anasema familia yenu nzima mngeondoka usiku huohuo kwenye lori." Mama akaacha kucheka. Akasema mwaka 1994 mzee alipokufa alilia kwenye sanamu la Hyesan mpaka akaishiwa nguvu, na alilia kweli, asije mtu akamwambia alikuwa anaigiza. Na mwaka uliofuata mgao wa chakula ukakatika kabisa, baba yake akawa anakula majani ya mlimani anawaachia wao uji wa mahindi, akafa kabla ya masika. Picha ukutani ziliendelea kufutwa.

Mi sikuwa na swali jingine la ukoo, ile karatasi ya maswali niliikunja nikaiweka mfukoni.

Tukiwa tunakaribia Seoul dereva akaongeza sauti ya tivii ya mbele, habari za ghafla, wakubwa watatu wa Kaskazini wametua Incheon asubuhi ile bila mtu kutarajia, wamekuja kwenye kufunga michezo ya Asia. Mi nikawatambua palepale, Hwang Pyong-so na magwanda yake ya jeshi, Choe Ryong-hae, Kim Yang-gon, nikawa nawataja kwa sauti basi zima linanishangaa. Mama alikuwa anaangalia viatu vyao. Alisema ni viatu vizuri. Halafu akaniuliza yeye, kwa mara ya kwanza siku ile swali likatoka kwake kuja kwangu, kwamba Rais wenu wa kwanza, yule aliyekuwa rafiki wa mzee, alirithiwa na mtoto wake yupi.

Nikamwambia hakurithiwa na mtoto. Mwaka 1985 aling'atuka mwenyewe akaja mwingine, na wakati ule tulikuwa na wa nne. Akauliza, na watoto wake wako wapi? Nikasema wapo tu, tunakutana nao. Tena mmoja, Makongoro, mwaka 1995 aligombea ubunge Arusha kwa NCCR-Mageuzi, chama cha upinzani, na baba yake akiwa hai anazunguka nchi nzima kumpigia debe mgombea wa CCM. Na kijana akashinda. Dada alitafsiri, mama akamwambia arudie, akarudia.

"Na baba yake alimfanya nini?"

"Hakumfanya kitu, mama."

Akatingisha kichwa. Sijui kama aliniamini. Tulishuka Seoul ameshika ile ratiba yangu iliyokunjwa, na mi sikumdai.

Tarehe 14 Oktoba magazeti ya Kaskazini yakatoa picha za Kim Jong-un ana fimbo ya kutembelea, ananyoosha kidole, waliomzunguka wanaandika kwenye vijitabu, vilevile kama kwenye daftari langu. Na tarehe 13 Februari 2017 Kim Jong-nam akapakwa sumu ya VX usoni, uwanja wa ndege wa Kuala Lumpur, watu wanapita na mabegi yao. Nilikuwa ofisini Dodoma nilipoisoma, nikatoka nje nikakaa kwenye gari. Bado nawafuatilia, sitaacha, ila siku hizi kabla sijamtazama aliyesimama katikati ya picha nawahesabu kwanza waliomzunguka, nione nani hayupo.