Miezi minane na kinasa sauti

Leo nimetimiza miezi minane nikiripoti habari za redio hapa Morogoro. Habari yangu ya kwanza ilihusu nyanya. Niliandika "bei imepanda sana". Mhariri akalizungushia neno "sana" duara jekundu, akaniuliza: kutoka shilingi ngapi hadi ngapi? Kwa sado, kwa ndoo au kwa tenga? Nani kakwambia? Sikuwa na jibu hata moja. Nikarudi sokoni jua la saa nane.

Mama mmoja muuza nyanya ndiye aliyenifundisha kazi siku ile. Alijaza sado mpaka juu, akaongeza nyanya tatu za kilele, akasema, "Mwanangu, ukiuliza bei, uliza na kilele." Nikaelewa kwamba wauzaji wawili wanaweza kunitajia bei moja na wasiwe wanauza kitu kimoja.

Tangu hapo, simwachi mtu kabla sijamsomea jina lake herufi kwa herufi. Kila habari naisoma kwa sauti kabla ya kuingia studio. Pumzi ikikatika, sentensi naigawa.

Kinachonitia hofu zaidi ni mahakama. Niliwahi kuandika "mwizi" kwa mtu ambaye kesi yake ndiyo kwanza inatajwa. Mhariri aliiwahi kabla haijasomwa hewani, lakini sikulala usiku ule. Yule ni mshtakiwa, ana mama na watoto wanaosikiliza redio. Kesho saa tatu asubuhi kesi yake inaendelea, nami nitakuwepo, benchi la mbele.