Sumaku imeshinda, giaboksi bado ipo

Kwenye treni, mota ya sumaku ya kudumu inaokoa umeme, hilo halina ubishi. Rota yake, yaani sehemu inayozunguka, haihitaji kuingiziwa mkondo, hivyo haichemki sana, na mota unaweza kuifunga kabisa vumbi lisiingie. Lakini mimi, fundi wa kusuka mota, kinachonivuta zaidi ni nafasi ya kuitoa giaboksi kwenye bogi, ile fremu ya magurudumu chini ya behewa. Giaboksi ni oili, sili zinazovuja, meno yanayolika na kelele isiyokoma.

Wazo lenyewe ni la zamani. Central London Railway, reli ya chini ya ardhi ya London, ilipofunguliwa mwaka 1900, vichwa vyake vya treni vilikuwa na mota zisizo na gia, zimejengwa juu ya ekseli zenyewe. Kila kichwa kilikuwa na tani 44, na karibu robo tatu ya uzito huo haikubebwa na springi. Majengo juu ya njia yakatikisika, wenyewe wakalalamika, na mwaka 1903 mabehewa yenye mota zake yakachukua nafasi.

Ugumu uko hapa. Gurudumu la kipenyo cha milimita 860, treni ikienda kilomita 120 kwa saa, linazunguka karibu mara 740 tu kwa dakika. Kwa gia ya sita kwa moja, mota huzunguka zaidi ya mara 4,400, kwa hiyo inaweza kuwa ndogo. Ukiondoa gia, nguvu yote ya kusokota itoke kwenye mota yenyewe, na nguvu hiyo hudai chuma na shaba nyingi. Sumaku za neodimi, zilizopatikana miaka ya 1980, ndizo zilizopunguza mzigo huo.

Japani walijaribu kwa dhati. Kampuni ya reli ya JR East ilitengeneza treni ya E331, ikaanza kubeba abiria mwaka 2007 kwenye njia ya Keiyo, eneo la Tokyo, mota zikiendesha ekseli bila gia. Ilijengwa seti moja tu, na haikudumu. AGV, treni ya mwendo kasi ya kampuni ya Kifaransa Alstom, nayo ilichukua sumaku, ila gia ikabaki.

Na sumaku haizimwi, jamani. Ukijaribu kutoa rota yake kwa mkono, inarukia ukuta wa stata, sehemu isiyozunguka, na kung'ang'ania. Vidole viwe mbali, na unga wa chuma usiwepo mezani. Njiani ni hivyo hivyo: treni ikiserereka bila umeme, mota inaendelea kuzalisha volti, kwa hiyo lazima iwepo kontakta, yaani swichi kubwa, ya kuitenga mota hitilafu ikitokea. Tena kila mota inataka inveta yake, kifaa cha kuilisha umeme, tofauti na zile za induksheni, zisizo na sumaku ya kudumu, zinazogawana moja.

Kwangu hayo yanavumilika. Uzito juu ya ekseli ndio wa kushughulikiwa: rota iwe na shafti yenye tundu, ekseli ipite katikati, kaplingi ya mpira iviunganishe, na mota ining'inie kwenye fremu ya bogi, juu ya springi. Pesa za utafiti ningezipeleka huko.